Unyayo wa Rahabu Chini ya Karai Langu

Watu wa Mbeya wa rika langu wakinikuta njiani huangalia kwanza miguu yao, ndipo wanisalimie. Wengine hawaishii hapo, wakishanipita hugeuka nusu na kufuta vumbi kwa kisigino, polepole, kama mtu anayezima kipisi cha sigara, wakidhani sioni. Naona. Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda. Na kwa kuwa hata hapa Iringa wameanza kuniuliza, "Mzee Lukasi, ni kweli uliwahi kuukamata mguu wa mke wa mtu ukaufungia kwenye karai?", nimeona bora nieleze mwenyewe, na waliohusika niwataje kwa majina, maana aibu ile tuliipika wengi lakini kula nimekula peke yangu.

Mimi ni mwashi. Shule niliishia darasa la tatu kwa mapadri, kwetu upande wa Kilolo, baba akafa nikashika mwiko. Ila kusoma nilikupenda sana, kila kipande cha gazeti la Kiswahili kilichofungiwa chumvi au sabuni nilikinyoosha nikakisoma mpaka matangazo ya baiskeli, na humo ndimo nilimokutana na hadithi za upelelezi, zile za mtu kuuawa asubuhi na jioni muuaji keshajulikana. Basi nikaanza kuandika za kwangu. Miaka ya hamsini ilinikuta Mbeya, nyumba za serikali zinajengwa, kazi ipo, mchana napanga matofali na jioni naandika, na mpelelezi wangu nilimwita Inspekta Mwangaza, mrefu, mweusi, koti mpaka magotini, hacheki. (Inspekta Mwafrika wakati ule hukumwona kwa macho, wa kwetu pale Mbeya alikuwa Mzungu, lakini kwenye karatasi nani atanizuia.)

Hadithi zenyewe nilizisoma kwa sauti Jumapili baada ya ibada, barazani kwa Ambilikile. Huyu ndiye wa kwanza ninayemtaja. Ambilikile alikuwa fundi cherehani, mnene, mdomo mrefu kuliko mkasi wake, na baraza lake lilijaa watu kwa sababu alikuwa na viti. Siku hiyo nasoma pale ambapo Inspekta Mwangaza anafika dukani kulikoibiwa, anainama, ananusa udongo, anasema, "Mwizi ni mtu mfupi na ametoka Tukuyu." Watu wakapiga makofi. Nikatulia kidogo nimeze mate, maana makofi ni matamu, ndipo nikasikia mtu anacheka peke yake.

Huyo ndiye wa pili: Konstebo Lusekelo. Alikuwa amekaa pembeni kajifunga shuka kiunoni, suruali yake ya kazi ikiwa kwenye cherehani inapunguzwa.

"Ananusa?" akaniuliza.

"Ananusa," nikasema.

"Kwani ni mbwa?"

Baraza zima likaanguka kwa kicheko, walewale waliopiga makofi. Lusekelo akajiweka sawa kwenye shuka lake. "Sikiliza, bwana Lukasi. Polisi hatunusi. Ukikuta unyayo unaufunika usikanyagwe, unaupima, unamimina plasta, inakauka, unauinua. Unao mkononi kama soli ya kiatu. Unamleta mtuhumiwa akanyage, unalinganisha. Kwisha kazi."

"Umesikia?" akasema Ambilikile bila kuinua macho kwenye suruali. "Andika vitu vinavyoaminika. La sivyo andika habari za sungura."

Habari za sungura. Ningepigwa kofi ningelala vizuri zaidi. Kesho yake nikamnunulia Lusekelo pombe ya komoni, kibuyu kizima, ili anieleze yote jinsi polisi wanavyofanya, nani anatangulia, nani anaandika, unyayo unaufunika na nini, na yeye akaeleza mpaka povu, na mimi nikameza kila neno. Mawili tu hakuniambia. Hakuniambia kwamba polisi hawauchukui unyayo mpaka pasimame mashahidi na mwenye nyumba ameambiwa, wala hakuniambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuchukua hata mmoja, alionyeshwa tu chuoni. Hayo niliyajua baadaye, nikiwa sina haja nayo tena.

Nikasema nijaribu kabla ya kuandika. Nilianza na unyayo wangu mwenyewe, Mungu ni shahidi, lakini ukatoka umesimama kama mtu anayepigwa picha, maana mguu ulijua kwamba unatazamwa. Mwizi hakanyagi hivyo. Nikaona nahitaji mguu wa mtu asiyejua kitu, na tena nisiujue ni wa nani, niutafute mwenyewe kwa kulinganisha, kama Mwangaza. Ndipo nione kama jambo hili linaaminika au ni maneno ya komoni.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa bwana mmoja Msafwa aitwaye Nzowa, mkulima wa viazi, mtu wa kanisani, mpole. Nyuma ya nyumba palikuwa na kijia kinachoteremka kijitoni. Jumamosi jioni mvua ilikuwa imekatika, tope limekaa vizuri, na katikati ya kijia nikauona: unyayo mmoja, wa kulia, safi kama umechongwa, na kidole chake cha mwisho kimempanda mwenzake. Sijui niwaambie vipi. Fundi akiona ukuta ulionyooka moyo hufurahi, na mimi moyo ulifurahi hivyohivyo.

Na hapa ndipo najishangaa, maana mimi ni Mhehe, mama yangu kule Kilolo alitulea kwa kufuta nyayo. Tukipita mlangoni kwa mtu tuliyegombana naye ilikuwa lazima kila mmoja afute wake kwa tawi. Hakuna asiyejua, si kwetu tu hata huko Mbeya, kwamba mtu akitaka kukumaliza anachota udongo uliokanyaga, na mguu wako unabaki kwake. Mimi nilijua hayo kabla sijajua kuandika. Lakini jioni ile kichwani alikuwemo Mwangaza na koti lake, mama hakupata pa kukaa.

Plasta ya hospitali sikuwa nayo. Nilikuwa na saruji niliyokung'uta kwenye mifuko iliyochanika kazini, nyingine ilikuwa imeshaanza kuganda, nikaiongezea mchanga kwa ubahili wangu, nikaikoroga, nikaimimina. Saruji haikauki upesi, lazima ilale. Basi nikakumbuka kufunika usikanyagwe, nikaleta karai langu la kazi, nikaligeuza juu ya ule unyayo, na jiwe juu yake. Kisha nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mtu aliyefuata sheria. (Chini ya karai, kwa nje, nilikuwa nimechora jina langu kwa msumari, LUKASI, herufi kubwa, kwa kuwa mafundi wa Mbeya walikuwa wezi wa makarai. Karai likigeuzwa, jina linaangalia mbinguni.)

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili, na kijia kile ndicho cha kwendea ibadani. Niliamka kwa kusikia watu wengi kimya. Watu wengi wakipiga kelele ni kawaida, lakini wengi wakiwa kimya, toka nje uone. Nikatoka na kijiti cha mswaki mdomoni.

Ambilikile, na koti lake la ibada, ndiye aliyekuwa ameliinua karai. Alikuwa ameshakipindua kile kipande cha saruji kwa fimbo, vidole vikawa juu, kila kimoja kinaonekana, na kile cha mwisho kimempanda mwenzake. Mbele yake alisimama Rahabu, mke wa Nzowa. Rahabu mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na hii ya tatu ilikuwa katika mwezi wake. Aliutazama ule unyayo, akautazama mguu wake, akautazama tena ule.

"Huo ni wangu," akasema.

Hakupiga kelele. Alikaa palepale chini kwenye majani, akainua miguu yote miwili kutoka ardhini, akaikunjia ndani ya kanga kama mtu anayeficha watoto.

Na mimi sasa. Naomba mkumbuke kwamba nilikuwa ndiyo kwanza naamka. Nilichoona mimi ni kwamba njia imefanya kazi, mwenye mguu amejulikana papo hapo. Nikatoa mswaki mdomoni, nikasema kwa furaha, "Kumbe ni wako, shemeji? Unaona, inafanya kazi."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu, mbele ya washarika wa ibada nzima.

"Mnamsikia?" akasema Ambilikile. "Anasema inafanya kazi. Huyu ndiye anayeandika mambo ya kuua watu, nimemsikia kwa masikio yangu, barazani kwangu."

Kilichofuata sitakieleza sana. Walionipiga ni watu waliovaa kwa ajili ya ibada, na mpini wa jembe ulitoka wapi sijui, ila tangu siku ile sikio langu la kushoto husikia kama kuna sufuria inachemka. Nzowa hakunigusa. Yeye alikuwa amempakata mke wake ili miguu isishuke.

Walimwita polisi, na polisi aliyekuja ni Lusekelo, suruali imepunguzwa vizuri. Nilifurahi kumwona kama ndugu yangu wa tumbo moja. Nikamwambia, "Lusekelo, waambie."

Akaniangalia. Akawaangalia watu. "Huyu simjui," akasema, "ila kwa sura."

Akanifunga pingu, kisha akakiinua kile kipande cha saruji kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama alivyoonyeshwa chuoni, na nawaapia alikuwa anatabasamu kidogo, maana ndio ulikuwa wake wa kwanza. Tulipoanza kuondoka Rahabu akaita kutoka mapajani mwa mumewe.

"Konstebo, mguu wangu unakwenda wapi?"

"Kituoni, mama."

"Utarudi lini?"

Lusekelo akanisukuma tuondoke.

Kituoni alikuwapo Sajini Kasimu, mtu wa Tabora, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Huyu simtaji kwa ubaya, namtaja kwa haki yake. Aliniuliza jina, jina la baba, kabila, kijiji, jumbe wa kijiji, akaandika polepole kama mtu anayepalilia. Kalamu ikakauka, akaichovya. Akaufunga ule unyayo kikaratasi chenye namba, kwenye kidole gumba, akausukuma kwenye kabati na kufunga. Tangu hapo haukuwa unyayo tena, ulikuwa kizibiti, ndivyo wanavyoita kitu cha ushahidi. Kisha akanywa chai.

Nilitaka kujua jinsi polisi wanavyofanya, basi nikajua. Hakuna anayekimbia. Anakuja mwanamke aliyepotelewa na mbuzi, anaandikwa. Anakuja mlevi, anaambiwa akae. Anayeandika akitoka kwenda haja, serikali yote inasubiri. Na kesi yangu, kwa kuwa ilikuwa na harufu ya uchawi, Sajini hakuwa na uwezo wa kuigusa, mpaka Inspekta arudi, na Inspekta alikwenda Iringa kutoa ushahidi, na wakati wa kurudi mvua imemkamata Chimala, mto umejaa, gari halipiti. Inspekta Mwangaza angekuwa mle ndani na mimi angekufa kwa kupiga miayo.

Kila asubuhi Nzowa alikuja, anasimama mbele ya meza, kofia mkononi, na mimi namsikia kutoka mahabusu.

"Mwagonile, Sajini."

"Salama. Umefuata nini?"

"Mguu wa mke wangu."

"Mguu wa mke wako anao mwenyewe."

"Ule mwingine."

"Ule ni kizibiti."

"Unakaa mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

"Na mtoto akija kabla ya kesi?"

Hapo Sajini alivua miwani na kuifuta, akairudisha, akamwambia arudi kesho. Siku moja kabla ya kuondoka Nzowa akasogea kwenye nondo zangu. Nikadhani atanitemea mate, na ningevumilia. Akasema tu, "Lukasi, mimi nilikupangisha chumba." Akaondoka. Hilo liliniuma kuliko mpini.

Rahabu alikuwa kitandani tangu siku ile. Anabebwa kwenda haja, anabebwa kurudi, hospitali hataki kupelekwa, anasema hawezi kwenda akiwa nusu, mguu wake mmoja uko kifungoni na mtoto atatoka wapi. Msimcheke. Kuna watu wameniambia ulikuwa ni ujinga, na mimi nawauliza, wewe ungekuwa umezika mara mbili kitu ambacho hukukiona kikipumua, halafu ya tatu unakuta mtu ameuchukua mguu wako akaufunika kwa karai, ungekuwa na elimu gani. Mle ndani nilijaribu kujiambia kwamba unyayo ni tope tu. Sikuweza. Nilimwona mama yangu na tawi lake.

Siku ya gulio, jua halijapanda sana, aliingia kituoni Bibi Sekela. Huyu alikuwa mkunga, mfupi, mikono mikubwa, ndiye aliyewapokea nusu ya watoto wa upande ule, na labda hata Lusekelo mwenyewe. Hakusalimia.

"Sajini, mtoto yuko mlangoni. Mama yake hataki kukanyaga. Nimezalisha wanawake miaka yote hii, sijaona mwanamke anayezaa akining'inia. Nipe huo mguu."

"Bibi, kizibiti hakitoki humu bila saini ya Inspekta."

"Inspekta yuko wapi?"

"Chimala."

"Basi kamwambie mtoto asubiri Chimala."

Sajini akalitazama kabati. Kisha akasema, kama mtu anayesoma, "Bila saini kizibiti kinatoka kwa njia mbili tu. Kinakwenda kwa hakimu, au kinakwenda mahali pa tukio, kama mtuhumiwa mwenyewe ametaka kupaonyesha." Bibi Sekela akamwangalia tu. Sajini akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi, na safari hii hakuwa anamtazama Bibi Sekela. Alikuwa anatazama nondo zangu.

Mimi, mwandishi wa upelelezi, nilichelewa kuelewa. Mlevi aliyekuwa karibu yangu ndiye aliyenisukuma kwa kiwiko.

"Afande," nikasema. "Nataka kuonyesha."

"Kuonyesha nini?"

"Mahali."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Hukupigwa wala kuahidiwa kitu?"

"Kupigwa nimepigwa, afande, ila si hapa."

Akaandika. Yote. Bibi Sekela anakanyaga huku na huku, Sajini anachovya kalamu. Ndipo akafungua kabati.

Sasa nani abebe? Lusekelo alisema yeye anatangulia kufungua njia. (Huyo aliyeuinua siku ya kwanza akitabasamu. Alikuwa ameshasikia kwamba mwanamke hakanyagi, mkono ukawa mzito.) Basi wakanipa mimi, pingu mikononi, sinia la chai la kituoni, na unyayo wa Rahabu juu yake, vidole vikiangalia juu, kikaratasi kinapepea. Lusekelo mbele, mimi katikati, Bibi Sekela ubavuni ananihimiza kama punda, na Sajini Kasimu nyuma anasukuma baiskeli.

Na njia, kwa bahati yangu ilivyo, inapita katikati ya gulio.

Sijawahi kuona watu wakipisha vile. Waliokuwa njiani walipanda kwenye majani, waliokuwa kwenye majani walipanda kwenye mawe. Mwanamke mmoja aliacha viazi vyake akaruka, akavuta kanga ifunike vidole. Na vinywa havikukosa. "Akiangalia chini, hameni," mmoja akasema. Mwingine akanyoosha mguu juu ya gunia, "Mhehe, na wangu chukua, una magaga." Wakacheka, lakini hakuna aliyekaribia. Mimi nilitembea naangalia juu, nisije nikatazama unyayo wa mtu, na kwa kuangalia juu nikajikwaa, sinia likainama, umati mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Nilikidaka kile kipande kwa kifua. Nilitembea njia iliyobaki nimekikumbatia kama mtoto, na Ambilikile amesimama barazani kwake na futi ya kupimia shingoni, anatazama. Siku hiyo ndiyo siku pekee aliyokosa neno.

Kwenye kijia, ule unyayo wa kwanza ulikuwa umeshaoshwa na mvua. Tope tupu.

"Onyesha," akasema Sajini.

"Hapa," nikasema. Nikapiga magoti, nikakiweka chini.

Nzowa akatoka amembeba mke wake. Rahabu alikuwa amelowa jasho, uchungu umemshika na kumwachia, umemshika na kumwachia, na meno ameyafunga. Sajini akavua kofia, kisha akakumbuka kazi akairudisha.

"Mama, angalia vizuri, usiseme kwa haraka. Huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Umeutambua kwa nini?"

Rahabu akajibu kwa mguu. Akamshika mumewe shingo, akashusha mguu wa kulia, polepole, mpaka ukagusa saruji, wayo kwa wayo, kisigino kwa kisigino, na kidole chake cha mwisho kimempanda mwenzake vilevile kama cha ule mwingine. Urefu ulilingana. Kisha akaachia uzito.

Ikasema *ka*, katikati, kutoka kisigino mpaka gumba.

Wote tukamwangalia Sajini. Rahabu naye akamwangalia. Akamtazama machoni, akainua kisigino, akakishusha tena, mara hii kwa makusudi, mbele ya serikali, na saruji yangu ikasambaratika kama kiporo cha ugali. Mguu ukapita mpaka kwenye tope. Akashusha na wa pili. Akasimama. Nilikuwa sijajua alikuwa mrefu vile. Kisha uchungu ukamjia mkubwa, akamshika Bibi Sekela bega, akaingia ndani kwa miguu yake.

"Konstebo," akasema Sajini. "Umeona nini?"

Lusekelo alitafuta jibu usoni pa Sajini. "Kizibiti kimevunjika, afande."

"Kikiwa wapi?"

"Mahali pa tukio."

"Kwa sababu gani?"

Hapo Lusekelo akakwama. Na watu wa gulio walikuwa wametufuata, wamejaa kwenye ua wa viazi, na miongoni mwao nilimwona bwana mmoja aliyeniahidi kazi ya nyumba yake, na mwingine aliyetaka nimjengee kisima. Lusekelo akisema amekivunja mwanamke, ni kesi juu ya Rahabu. Akisema hajui, ni kesi juu ya Sajini.

"Saruji ilikuwa mbaya, afande," nikasema. "Niliichanganya vibaya. Mchanga ulizidi."

"Wewe ni fundi?"

"Ni fundi."

"Na unasema ulichanganya vibaya."

"Vibaya sana, afande."

Akaandika, akiegemeza daftari kwenye kiti cha baiskeli, na akanisomea kwa sauti ili nikubali, na kila mtu akasikia kwamba Lukasi mwashi amekiri kwa hiari yake kuwa saruji yake inavunjwa na kisigino cha mwanamke. Kupigwa kunapona. Uchawi watu husahau, au hujifanya. Ila hilo la saruji, hakuna mtu wa Mbeya aliyenipa tena hata ukuta wa choo.

Jirani mmoja mwanamke, aliyetumwa na Bibi Sekela, akatoka akakusanya vipande kwenye kanga, vyote, akateremka navyo kijitoni. Sajini wakati huo alikuwa anatazama mlima Loleza kana kwamba ameona moshi. Kisha akaanza kunifungua pingu. "Kizibiti hakuna," akasema, "na Inspekta akirudi atakuwa amechoka. Nenda." Alikuwa bado anahangaika na ufunguo wa pingu wakati mtoto alipolia ndani. Alilia vizuri, kwa hasira. Sajini akaacha ufunguo ukining'inia, akasema, "Huyo ni mzima."

Nzowa akatoka baadaye. "Msichana," akatuambia. Akasimama mbele yangu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lukasi, ugomvi na wewe sina. Ila chumba nakihitaji."

Nikapanda lori la Iringa kesho yake. Karai sikulipata. Ambilikile alilichukua siku ile ya Jumapili kwa kisingizio cha kulihifadhi, na nasikia mpaka leo mkewe analifulia, na jina langu liko chini.

Huku Iringa niliandika tena. Niliweka kila kitu nilichokiona, kalamu inayokauka, chai, mbuzi aliyepotea, Inspekta aliyekwama mtoni, kikaratasi kwenye kidole gumba, hakuna neno la uongo ndani yake. Nikawasomea watu kilabuni, kwenye ulanzi. Wawili walilala. Wa tatu akaniuliza kwa heshima, "Mzee, hao polisi mbona wanaandika tu? Hakuna hata mmoja anayenusa?" Nikarudisha kunusa.

Lakini kuna kitu kimoja sijarudisha, na sitarudisha. Miaka michache baadaye nilipita Mbeya, nikaingia soko la Mwanjelwa kununua viazi, nikajikuta mbele ya Rahabu, ameketi nyuma ya mafungu yake. Aliangalia miguu yake kwanza, kama wote. Kisha akaniangalia mimi, akanijazia kikapu, na juu akaongeza viazi viwili ambavyo sikuvilipia.

"Shemeji Lukasi, bado unaandika?"

"Naandika, shemeji."

"Za wezi?"

"Za wezi."

Akapanga fungu lake upya, bila haraka.

"Na siku hizi mwizi wako anapita wapi?"

"Mtoni," nikasema. "Wote wanapita mtoni, ndani ya maji."

"Vizuri," akasema. Na nilipoondoka niligeuka nusu, nikaona hakufuta kitu.